Mwalimu, hiyo PDF ya 2009 usiifute, ila usiisome peke yake

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi sekondari ya kata. Kwenye kikao cha wazazi nilisoma vifungu vya Sheria ya Mtoto kutoka PDF niliyonayo kwenye simu tangu niko chuo. Mzazi mmoja ambaye ni karani mahakamani akasimama akasema hiyo imepitwa, hata namba za vifungu sio hizo. Niliona aibu mpaka nikafupisha kikao. Kwenye grupu la walimu nako kila wiki mtu anatupia 'sheria mpya ya watoto', sijui ipi kweli ipi uzushi. Mtu asiye mwanasheria, mwenye vipindi mpaka jioni, anafuatiliaje haya mambo? Na je, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne mwenye miaka 19 naye ni mtoto?"

Marahaba mwalimu. Pole kwanza, maana kusahihishwa mbele ya wazazi inauma, ila usijione wa peke yako, hata sisi tunaovaa majoho hilo linatukuta na mimi lilishanikuta vibaya kuliko lako, ntakusimulia.

Tuanze na hiyo PDF. Uliyonayo ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kama ilivyotoka Bungeni, ikaanza kutumika 2010, na ilipokuja ilifuta sheria kadhaa za zamani kwa mpigo, ile ya kuasili watoto, ile ya vituo vya kulelea watoto mchana, ile ya makao ya watoto na nyingine, yote yakaingizwa kwenye kapu moja. Kwenye mpangilio wa sheria zetu inaitwa Sura ya 13. Sasa sheria ikishatungwa hailali, kila baada ya muda Bunge linaongeza neno hapa linafuta kifungu pale, na baada ya miaka kadhaa serikali inakusanya marekebisho yote inayashonea ndani inachapisha toleo jipya. Kuna toleo la 2019, halafu likaja Toleo la Urekebu la 2023 ambalo Rais Samia alilizindua Dodoma Aprili 2025 na likaanza kutumika Julai 1, 2025. Kwenye urekebu huo sheria nyingi zimepangwa upya namba, vile vifungu vya A na B vilivyochomekwa katikati vikapewa namba zao kamili, na vilivyofuata vikasogea.

Kwahiyo karani wako alikuwa sahihi na wewe hukudanganya wazazi. Ni kama ile zoezi la anwani za makazi, nyumba ni ile ile, mwenye nyumba yule yule, mwembe uko pale pale, ila kibao kina namba nyingine, ukimwelekeza bodaboda kwa namba ya zamani atazunguka mtaa mzima. Dawa yake ni ndogo tu, ukipata PDF yoyote ya sheria kabla hujasoma hata mstari angalia ukurasa wa kwanza kabisa imeandikwa toleo la mwaka gani, kama haijaandikwa kitu basi hiyo ni sheria kama ilivyozaliwa na haijaonja rekebisho lolote. Na kwenye kikao cha wazazi wala huhitaji kutaja namba, sema "sheria inasema hivi" inatosha, namba tuachie sisi tunaogombana mahakamani (namba ntakazotaja mimi humu ni za matoleo ya kabla ya 2023, maana ndo zilizozoeleka, usije ukanigeuzia kibao).

Ila mwalimu, hilo la PDF ndo shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba watu wanafikiri sheria ya watoto inakaa kwenye Sheria ya Mtoto. Wanaivizia hiyo moja tu, wanaona haijaguswa wanatulia, kumbe mambo yameshabadilika kwa mlango wa uani.

Nikupe siku moja tu uone. Ijumaa, Julai 8, 2016. Siku hiyo Gazeti la Serikali lilitoa Sheria Na. 4 ya 2016, jina lake refu ni sheria ya marekebisho ya sheria mbalimbali namba 2, jina ambalo ukilisikia redioni huwezi hata kuongeza sauti. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachoingiza 60A kwenye Sheria ya Elimu: marufuku kumuoa au kuolewa na mwanafunzi wa msingi au sekondari kwa hali yoyote ile, na anayempa mimba mwanafunzi miaka 30 jela. Mbele kidogo kwenye sheria hiyo hiyo kukawa na kifungu kingine kinabadilisha Sheria ya Ushahidi, namna mtoto anavyotoa ushahidi mahakamani. Na siku hiyo hiyo, Mahakama Kuu Dar es Salaam ikasoma hukumu kwenye shauri la Rebeca Gyumi, ikasema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi na hata wa 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Mambo matatu, Ijumaa moja, yanamgusa mtoto mpaka kwenye mfupa, na hakuna hata moja ambalo ungelipata kwa kufungua Sheria ya Mtoto kwenye simu yako.

Hapo ndo nilipoangukia mimi. Kabla sijawa wakili nilikuwa afisa ustawi wa jamii halmashauri fulani, na kazi mojawapo ilikuwa kumsindikiza mtoto shahidi na kumzoesha, sio kumfundisha aseme nini, hapana, kumzoesha tu kwamba yule aliyekaa juu ni hakimu, hang'ati, ukiulizwa usichojua sema sijui. Zamani hakimu alikuwa lazima ampime kwanza mtoto, anajua maana ya kiapo? ana akili ya kutosha kueleza? Kwahiyo mimi miaka yote nilikuwa nawaandaa watoto kwa maswali hayo, unajua Mungu, unajua kuapa ni nini. Mwaka 2017, karibu mwaka mzima tangu sheria ibadilike, nina binti wa miaka 9, tumekaa wiki nzima na habari za kiapo, anazijua kama wimbo wa shule. Tumeingia chemba, hakimu akamuuliza jina, umri, unasoma wapi, halafu akamuuliza "unaahidi kusema ukweli na hutasema uongo?" Mtoto kimya. Akanigeukia mimi. Yale macho siyasahau, ni macho ya mtoto aliyesoma mada nyingine na mtihani umekuja mwingine. Hakimu Mungu ambariki hakuwa na haraka, akarudia taratibu, mtoto akatikisa kichwa kukubali, hakimu akaweka kalamu chini akasema "sema kwa mdomo mwanangu ili niandike." Akasema. Ikaandikwa.

Wakati ule niliona ni upole tu wa yule mama hakimu, baadaye ndo nikaelewa uzito wa ile "ili niandike". Rekebisho la 2016 lilisema mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo ila kabla hajaanza aahidi kusema ukweli na sio uongo. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani kwenye rufaa moja iliyosikilizwa Bukoba ikaeleza hadi maswali rahisi ya kumuuliza, umri wake, dini yake na kama anaelewa kiapo, na kama anaahidi kusema ukweli, na ikasisitiza ahadi hiyo iwekwe kwenye rekodi. Rufaa nyingi zilizokuja baada ya hapo ushahidi wa mtoto ukatupwa kwa sababu karatasi haionyeshi ahadi, na ushahidi wa mtoto ukishatoka mara nyingi kesi nzima inabaki mifupa. Mtoto amesema yote, amelia, ameonyesha kidole, halafu miaka mitatu baadaye mtu anatoka kwa sababu ya mstari mmoja usioandikwa. Sasa niambie mwalimu, mzazi wa yule mtoto utamwelezaje?

Kwahiyo nikisema fuatilia sheria simaanishi usome kama unajiandaa na mtihani. Namaanisha ujue milango mingapi mabadiliko yanapitia, ili ukisikia kelele ujue pa kuchungulia.

Mlango wa kwanza ni Bunge lenyewe, na hapa kuna siri ambayo watu wengi hawaijui. Muswada ukichapishwa unaonekana mrefu na wa kutisha, "kifungu cha 35 kinarekebishwa kwa kufuta neno au na badala yake kuweka neno na", nani ataelewa? Wewe usianze mbele. Nenda mwisho kabisa, kuna sehemu inaitwa Madhumuni na Sababu, hapo wanaeleza kwa lugha ya kawaida kila sehemu ya muswada inataka kufanya nini na kwa nini. Kurasa mbili tatu tu. Mimi miswada yote naisoma kinyumenyume, kama mtu anayeanza gazeti kwenye michezo. Kwenye tovuti ya Bunge miswada inawekwa pale pale, na ukiona jina lina maneno "marekebisho ya sheria mbalimbali" ndo ufungue haraka zaidi, maana hao ndo wanabeba mizigo ya watu wengi kama basi la Kariakoo. Mwaka 2024 walau walitutendea wema, Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya sheria zinazohusu ulinzi wa mtoto, jina linajieleza, sheria moja ikagusa kadhaa kwa mpigo, na mambo ya ukatili wa watoto mitandaoni yakiwemo. Lakini usizoee, mengi huja bila neno mtoto kwenye jina.

Na kumbuka muswada sio sheria. Unasomwa mara ya kwanza, kamati inaita wadau watoe maoni (na hata wewe mwalimu unaweza kupeleka maoni, hakuna aliyekukataza), unarudi kusomwa mara ya pili na ya tatu, Rais anasaini, unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na hata hapo kuna sheria zinasema zitaanza siku ambayo Waziri ataitangaza. Nusu ya hizo "sheria mpya" za kwenye grupu lenu ni mtu kaona mbunge anaongea kwenye klipu ya dakika moja. Mbunge kuchangia sio Bunge kupitisha.

Halafu hii tarehe ya kuanza ishike sana. Mtu anashtakiwa kwa sheria iliyokuwepo siku aliyotenda, Katiba ibara ya 13(6)(c) iko wazi, huadhibiwi kwa kitendo ambacho ulipokitenda hakikuwa kosa. Kwahiyo swali la kwanza mtu akikuletea jambo la mtoto liwe "lini?", kabla ya "nani?" na "wapi?".

Mlango wa pili ni kanuni, zile zinazotungwa na Waziri na kutoka kama Tangazo la Serikali. Huku ndo kuna mambo yenu ya kila siku shuleni na hakuna anayeyasoma. Fimbo kwa mfano. Walimu wengi nikiwauliza wananiambia "sheria inaruhusu viboko", nikiuliza sheria ipi wanatazama dari. Ni kanuni, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002. Na ukizisoma hazisemi unavyofikiria: viboko visizidi vinne, ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wangapi wana hicho kitabu? Yule anayezunguka na bomba la maji kwenye korido saa moja asubuhi anawapiga waliochelewa yuko nje ya kanuni na nje ya Sheria ya Mtoto kwa pamoja, ambayo yenyewe inakataza adhabu isiyoendana na umri na hali ya mtoto. Hilo likifika polisi asije akasema alikuwa anafuata utaratibu.

Mlango wa tatu ni waraka, yaani barua ya maelekezo kutoka wizarani. Huu ndo unaobadilisha maisha ya watoto haraka kuliko yote na ndo mwepesi kuliko yote, maana haupiti Bungeni. Unakumbuka habari ya mabinti wanaopata ujauzito. Kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi, Tangazo Na. 295, hazina neno mimba, zinataja makosa dhidi ya maadili na mwanafunzi kufunga ndoa, basi miaka yote shule zikalifanya lile la maadili kuwa mimba. Juni 2017 Rais Magufuli akasema hadharani pale Chalinze kwamba mwanafunzi akipata mimba harudi shule, hiyo ilikuwa kauli ya jukwaani, haikuwa sheria wala kanuni, lakini nenda kamwambie hivyo mkuu wa shule wa wakati ule. Halafu Novemba 2021 Ndalichako, waziri wa elimu wa wakati ule, akatangaza wanarudi, ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Unaona? Mlango ulifungwa kwa kauli ukafunguliwa kwa waraka, huku kanuni ya 2002 imekaa kabatini mwake. Na ndo maana wengine tunasema waraka ni mwavuli, unasaidia lakini hauna msingi, upepo ukigeuka unageuka nao, tungependa kuona hilo limeandikwa kwenye sheria yenyewe. Mfano mwingine wa waraka ni ule wa 2023 uliozuia bweni kwa watoto kuanzia awali mpaka darasa la nne, kuna wazazi walijua siku wanapigiwa simu kuja kuchukua magodoro.

Wewe kwa nafasi yako, mwalimu, nyaraka ndo zako. Zinakuja kwa mkuu wa shule kupitia kwa afisa elimu, zinatobolewa matundu mawili zinaingia kwenye faili la kijani, mwisho wa habari. Muombe mkuu wako faili hilo nusu saa tu kila mwanzo wa muhula, lipitie, piga picha kila penye neno mwanafunzi, mimba, bweni, adhabu, michango. Hii peke yake itakuweka mbele ya nusu ya walimu wa wilaya yako.

Mlango wa nne ni mahakama, na huu ndo unaowachanganya hata wasomi, kwa sababu kitabu kinabaki na maneno yale yale wakati mahakama imeshasema hayafai. Rudi kwenye ile hukumu ya Gyumi. Mahakama Kuu iliipa serikali mwaka mmoja irekebishe, iwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Baada ya hapo miaka ikapita Bunge halijagusa yale maneno, na mzee mmoja alinijia ofisini na kitabu cha Sheria ya Ndoa kimefunikwa plastiki vizuri kabisa, kidole kiko kwenye kifungu cha 13, "wakili, hapa imeandikwa kumi na tano, au macho yangu?" Macho yake mazima. Nikamwambia mzee wangu, hapo pana maandishi lakini pameshapigwa mstari na Mahakama ya Rufani, na juu ya hiyo binti yako yuko kidato cha pili, ukimuoza hata kesho kwa ridhaa ya kijiji kizima umegonga 60A. Akafunga kitabu akauliza kama bado nanywa kahawa. Hukumu hizi zote unazipata bure TanzLII, tovuti ya Mahakama, unaandika neno tu inatafuta, ila nikuombe, ukikuta hukumu yenye mtoto ndani yake usiirushe kwenye grupu ukaweka na "huyu ni wa kijiji chetu", mahakama huficha majina yao kwa herufi kwa sababu.

Sasa hizo za kwenye grupu. Juzi nimetumiwa moja imepambwa na nembo ya taifa, inasema kuanzia mwezi ujao mzazi akimfokea mtoto faini milioni mbili. Mimi huwa sibishani, nauliza tu, sheria namba ngapi ya mwaka gani? Imechapishwa kwenye Gazeti la tarehe ngapi? Imebadilisha kifungu gani cha sheria ipi? Sheria ya kweli ina majibu hayo yote, hata iwe mbaya namna gani ina namba na tarehe. Uzushi una "sambaza kabla hawajafuta". Na usiulize kwa ukali, uliza kama unayetaka kujifunza, mwenye meseji atajiondokea mwenyewe.

Lugha nayo ilikuwa kisingizio, kweli, sheria zilikuwa Kiingereza kitupu cha kizamani. Tangu 2021 sheria ilibadilishwa ikasema lugha ya sheria za nchi hii ni Kiswahili, na tafsiri zinaendelea kutoka, kwahiyo tafuta kwanza ya Kiswahili, na penye utata linganisha zote mbili kama unajua.

Halafu kuna sheria ambayo watu hawaihesabu kuwa ya watoto kabisa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza Mei 2023. Humo taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Hebu fikiria ukurasa wa shule yenu, matokeo yamebandikwa na majina kamili, picha ya binti aliyepewa taulo za kike na mfadhili kashikilia boksi anatabasamu kwa shida. Zamani ilikuwa kukosa staha tu, sasa ni suala la kisheria, unahitaji ridhaa ya mzazi na sababu ya maana. Hilo lisemee kwenye kikao cha walimu, utachukiwa wiki moja.

Na kabla sijasahau, yote haya nazungumzia Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto Na. 6 ya 2011, ni sheria nyingine kabisa na Baraza la Wawakilishi ndo linaibadilisha, kwahiyo rafiki yako wa Unguja akikutumia kifungu usikibandike ubaoni Morogoro.

Umeniuliza mtu mwenye vipindi mpaka jioni anafanyaje. Nakwambia ninachofanya mimi, sio ninachofundisha. Nina kaunta buku moja kubwa, kila ukurasa umegawanywa kwa rula: tarehe, nini kimebadilika, kimebadilishwa na nini (sheria, kanuni, waraka, hukumu), na nani nimemwambia. Hiyo safu ya mwisho ndo inanisaidia kuliko zote, maana nikishamwambia mtu nimelazimika kuelewa. Bunge likimaliza mkutano, na mikutano ni kama minne kwa mwaka, ule wa bajeti Aprili mpaka Juni ndo mrefu, nakaa jioni moja naangalia miswada iliyopita, kinyumenyume kama nilivyokwambia. Basi. Jioni nne kwa mwaka. Ukurasa wa kwanza wa hilo buku una mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, 8/7/2016, na mbele yake nimeandika "ahadi".

Na usifuatilie peke yako. Halmashauri yenu ina afisa ustawi wa jamii, kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, hao wanapelekewa mabadiliko kwa sababu ya kazi yao, mchukue namba mmoja wao umsalimie hata kabla hujawa na tatizo, maana siku ya tatizo hutakuwa na muda wa kutafutana. Ukikwama usiku namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure. Na hili halijabadilika tangu ile PDF yako ya 2009: mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji au halmashauri, sio mwalimu wa unasihi tu, hata mama wa kantini. Mwenzako akikwambia "hayo ni ya familia" muonyeshe hicho kifungu, ni cha 95.

Haya, mwanafunzi wako wa miaka 19. Kwa Sheria ya Mtoto huyo sio mtoto, mtoto ni chini ya miaka 18, kwahiyo akikosea kesi yake haiendi mahakama ya watoto na ule ulinzi kwamba mtoto hafungwi jela haumhusu. Lakini Sheria ya Elimu haikuuliza umri, iliuliza sare. Kifungu cha 60A kinasema mwanafunzi wa msingi au sekondari, nukta. Kama ni binti yuko kidato cha nne na miaka yake 19, kadi ya mpiga kura anayo, kupiga kura ruksa, kuolewa hapana, mpaka amalize shule. Na anayempa mimba hawezi kujitetea kwamba alikuwa mtu mzima. Kwenye kikao kijacho anza na hilo, halafu mpe kipaza sauti yule karani aeleze habari ya namba mpya, nadhani atafurahi, na wewe utapata dakika tano za kunywa maji.